MAARIFA YA NYUMBANI: Mapambo ya Marehemu Mama, Yafumuliwe au Yafungwe Sandukuni?

Juma hili nimepokea barua ya Bwana mmoja, karani wa Mashuuru katika Kajiado. Kwa kuwa jambo analoliuliza limekwisha kuzigusa nyumba nyingi, nimeona yafaa nimjibu mbele ya wasomaji wote. Jina lake nimelificha, maana habari zenyewe ni za jamaa.

Asema kwamba mama yao alifariki mwaka jana, akaacha sanduku la bati lenye mapambo yake. Mna ukosi mpana wa shanga alioolewa nao, mikufu mitano ambayo mitatu imekatika nyuzi, surutia mbili za shaba, bangili kadhaa za udodi, na kifurushi cha shanga zisizotungwa. Watoto ni watatu. Kaka yao mkubwa ataka vitu vyote viuzwe, kwa sababu ukame wa mwaka 2022 uliwamalizia ng'ombe, na mchuuzi mmoja ameahidi kununua shaba kwa kilo na shanga kwa jumla. Dada yao, ambaye ni mchumba wa mtu, aomba shanga zifumuliwe ili atungiwe mapambo ya arusi. Karani mwenyewe angependa sanduku lifungwe, liwekwe kama lilivyo. Aniuliza hivi: "Je, kuifumua kazi ya mikono ya mama si kuifuta kumbukumbu yake? Na kaka yangu akikataa, nimwambie nini, naye ni mkubwa wangu?"

Bwana, pole kwa msiba. Swali lako lina mambo matatu ndani yake. La kwanza ni desturi, la pili ni kazi yenyewe ya mikono, na la tatu ni mgawo wa mali kati ya ndugu. Nitayachukua moja moja.

KUFUMUA NI DESTURI YA ZAMANI

Wako watu wanaodhani kwamba pambo la Kimaasai ni kitu kisichobadilika tangu mwanzo wa dunia. Sivyo. Shanga za kioo, ambazo Wamaasai huziita isaen, hazikuchimbwa katika nchi ya Ilkaputiei wala ya Matapato. Zilipanda kutoka pwani pamoja na misafara, nazo zilitoka Venice katika Italia, na baadaye Bohemia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Ucheki, ambako mji wa Jablonec ulipata sifa kwa kazi hiyo. Kabla shanga hazijawa nyingi, fahari ya mwanamke ilikuwa chuma na shaba. Segenge ilizungushwa shingoni, mikononi na miguuni, pete juu ya pete.

Mzungu Joseph Thomson, aliyesafiri katika nchi ya Wamaasai mwaka 1883 na 1884, alipofika Taveta aligundua kwamba shanga alizonunua pwani hazikutungwa kwa kipimo walichokitaka Wamaasai. Ikambidi awakalishe wapagazi wake kitako wazitunge upya, ndipo safari iendelee. Kwa hiyo tangu siku hizo shanga zilikwisha kufumuliwa na kutungwa tena kabla hazijafika hata shingoni mwa mtu.

Tena wenyeji wenyewe wajua kwamba kila rika huja na mtindo wake. Wasichana waliocheza ngoma pamoja na rika la Iseuri hawakupenda kuvaa sawasawa na dada zao wa siku za Ilnyangusi. Mpango wa rangi ulibadilika, na upana wa ukosi ulibadilika vilevile. Lakini shanga ni kitu cha kununuliwa kwa fedha, na si kila mwaka fedha zilipatikana. Basi wanawake walifanyaje? Waliyakata mapambo yaliyopitwa na wakati, wakazikusanya shanga, wakatunga mapya. Yawezekana sana kwamba shanga nyeupe iliyo katika ukosi wa bibi arusi wa leo ilipita kwanza katika mikono ya nyanya yake. Rangi nazo zilibaki na maneno yake. Nyeupe hutajwa pamoja na maziwa, nyekundu pamoja na damu na ushujaa, buluu pamoja na mbingu, na kijani pamoja na majani ambayo ng'ombe huishi kwayo.

Hata vifaa vingine vya pambo vimebadilika mara nyingi, na hakuna aliyeona haya. Vipande vya ngozi vilivyotobolewa ili kushika safu za ukosi, siku hizi mara nyingi hukatwa katika madumu ya plastiki. Vile vibati vidogo vinavyoning'inia na kumetameta msichana anaporuka katika ngoma, vingi vilikatwa katika sufuria kuukuu za alumini. Vifungo vya shati na minyororo ya kila namna vimeingia katika kazi hii. Mwanamke wa Kimaasai amekuwa fundi wa kufanya kipya kutokana na cha zamani kwa muda mrefu sana.

Wala si Kajiado tu. Katika pwani yetu, na ng'ambo ya bahari huko Omani, mafundi wa fedha walikuwa wakiyeyusha reale za Maria Theresa ili kufua bangili, furungu na mikufu. Reale hizo zilipendwa kwa sababu uzito wake ulijulikana, yaani gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu 1000 za reale sehemu 833 ni fedha safi. Zote ziliandikwa mwaka 1780, ambao ni mwaka aliofariki Malkia huyo, ijapokuwa ziliendelea kupigwa chapa miaka mingi baadaye. Mwanamke wa pwani aliyevaa kikuku kizito alikuwa amevaa akiba yake, na siku ya haja kiliweza kurudi kwa fundi. Mafundi wa Lamu nao wamefanya pete kwa kuvitia vigae vya vyombo vya kale vya kauri katika vikalio vya fedha, na sahani iliyovunjika ikawa kito.

Karibu zaidi na Mashuuru, yaani upande wa Kitengela, kiwanda cha vioo alichokianzisha Nani Croze mwanzoni mwa miaka ya 1980 hukusanya vioo vilivyovunjika na chupa tupu, huviyeyusha, na kufanya humo vyombo, madirisha ya rangi na shanga. Yaani hata kioo chenyewe hufumuliwa.

Basi, Bwana, usiogope kwamba dada yako ameomba jambo la aibu. Ameomba jambo ambalo huenda mama yenu mwenyewe alilifanya alipokuwa msichana. Waulize mama zenu wadogo, nao watakuambia zile shanga za kifurushini zilifumuliwa katika pambo gani.

VITU AMBAVYO HAVIFUMULIWI

Hata hivyo, si kila kitu kilichomo sandukuni ni cha kukatwa. Hapa nakusihi uwe na hadhari, maana mchuuzi hatatofautisha.

Surutia, zile shaba zilizokunjwa mizunguko miwili kama konokono, ni alama ya mwanamke aliyeolewa, nazo huonekana sana katika sherehe za kutahiriwa kwa watoto. Mwenye kuivaa hajipambi tu. Atangaza jinsi alivyo katika nyumba yake na ukoo wake. Shaba yake yaweza kupimwa kwa kilo, bali maana yake haipimwi. Kitu cha namna hii hukabidhiwa mtu kikiwa kizima, au huwekwa mpaka siku ya sherehe itakayokihitaji.

Wanaume nao wana kitu cha namna hiyo. Iko bangili iitwayo orkatar, ambayo baba humwachia mwanawe. Juu ya jambo hili iko habari ya kweli ambayo wasomaji wapaswa kuijua. Katika nyumba ya makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford, Uingereza, viliwekwa vitu vingi vya Kimaasai vilivyochukuliwa katika siku za ukoloni. Wamaasai wa Kenya na Tanzania walipozuru huko mwaka 2017 na 2018, waliviona vitu vitano ambavyo kwa desturi havitoki katika jamaa. Orkatar ilikuwa mojawapo. Wakasema kwamba vitu hivyo havikuweza kuuzwa wala kutolewa zawadi, na kwamba kupotea kwake ni jeraha kwa jamaa zilizopokonywa. Mazungumzo yakaendelea kwa miaka kadhaa, na mwaka 2023 ujumbe wa nyumba hiyo ulikuja Kenya na Tanzania kwa ajili ya upatanisho, na ng'ombe wakatolewa kwa jamaa hizo.

Fikiri basi. Wazee walisafiri mpaka Ulaya kwa ajili ya kitu kidogo kinachoenea katika kiganja. Itakuwaje ikiwa sisi wenyewe tutakiweka katika mizani ya mchuuzi nyuma ya duka, kwa hiari yetu, na baada ya juma moja kiwe kimekwisha yeyushwa pamoja na mabomba na mifereji?

Kwa hiyo kabla ya kukata uzi wowote, kaeni na wanawake waliomjua mama yenu, yaani dada zake, mawifi zake na wanawake wa rika lake. Toeni kitu kimoja kimoja sandukuni na kuuliza: Hiki aliletewa na nani? Alikivaa lini? Je, chaweza kufumuliwa? Neno lao likubaliwe. Ninyi mmesoma, nao wanakumbuka.

ANDIKA KWANZA, KATA BAADAYE

Kila mlichoambiwa kiandikeni katika daftari siku ileile. Andikeni jina la aliyetunga, ni kwa sherehe gani, shanga zilitoka kwa nani, na nani alilivaa. Kisha kila pambo lipigwe picha mbele na nyuma juu ya kitambaa cheupe, mchana, mahali penye kivuli. Siku hizi hata simu ya mkononi yatosha. Hesabuni safu za ukosi na kuchora mpango wa rangi katika karatasi yenye miraba, mraba mmoja kwa shanga moja, angalau kwa kipande kimoja kinachorudiwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikoloni ilimwagiza Joy Adamson achore picha za watu wa Kenya pamoja na mavazi na mapambo yao, naye akafanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Picha hizo zilipata kuwekwa katika makumbusho yetu ya taifa. Mapambo mengi yaliyochorwa hayapo tena, lakini mtu akizitazama picha aweza kuona jinsi yalivyopangwa. Daftari lenu litawafanyia watoto wenu kazi hiyohiyo.

KAZI YENYEWE

Sasa nieleze jinsi ya kufumua, kwa maana shanga nyingi za zamani hupotea kwa haraka ya mikono.

Kwanza, tandika blanketi au shuka nene mezani, rangi yake iwe moja. Shanga ikianguka juu ya sakafu ya saruji huruka, lakini juu ya blanketi hulala palepale. Weka visahani kadiri ya idadi ya rangi.

Pili, tazama kilichozishika shanga. Kazi za zamani sana zilitungwa kwa kano za mnyama au kwa nyuzi za mkonge mwitu, baadaye zikaja nyaya nyembamba, kisha nyuzi za nailoni, ambazo akina mama wengi huzichomoa katika magunia. Uzi hukatwa tu. Lakini waya uliopata kutu usivutwe hata kidogo, kwa sababu kutu huvimba katika tundu la shanga, na ukivuta shanga hupasuka. Tia tone la mafuta kila mahali, liache usiku kucha, kisha ukate waya vipande vifupi kwa koleo na kuzitoa shanga chache chache. Shanga isiyotoka iache pamoja na kipande chake cha waya, ipate mafuta tena.

Tatu, fumua safu moja, ihesabu, itie katika uzi wa muda, na kuifunga kijikaratasi chenye nambari. Ndipo uende safu ya pili. Atakayefumua ukosi mzima kwa mara moja atabaki na bakuli la shanga, wala hatajua tena mpango wa mama yake.

Nne, osha. Mapambo ya zamani yana mafuta na udongo mwekundu. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni laini, usizichemshe wala usitie dawa ya kung'arisha nguo. Kwanza jaribu shanga mbili tatu za kila rangi, maana ziko zilizopakwa rangi kwa nje tu, nazo hubanduka. Shanga ambayo kioo chake chenyewe ni cha rangi hiyo haitabadilika. Anika juu ya kitambaa kivulini.

Tano, chagua. Shanga za kioo za zamani hazilingani sana, moja ni nene na nyingine nyembamba. Zitenge kwa ukubwa, zile nene ziende katika safu za nje za ukosi, na nyembamba ziende ndani karibu na shingo. Kama wataka kujua shanga ni ya kioo au ya plastiki, igusishe ncha ya sindano iliyopashwa moto. Sindano huingia katika plastiki, bali kioo huikataa. Usizichanganye katika safu moja, kwa sababu kioo kina uzito na plastiki hufifia juani.

Sita, unapotunga upya, tumia uzi mpya wenye nguvu, uwe maradufu, na tia fundo kila baada ya shanga 30 au 40. Uzi ukikatika katika ngoma zitamwagika chache tu. Kama mnaongeza shanga mpya za dukani, chukueni shanga za zamani kwenda nazo ili mzilinganishe machoni, maana rangi ya jina moja yaweza kuwa na sura nyingi.

Yafaa pia safu moja ya kazi ya mama iachwe kama alivyoitunga, ishonwe katikati ya ukosi mpya. Bibi arusi atajua iko wapi, hata kama mtazamaji hajui.

HABARI YA SHABA, FEDHA NA DHAHABU

Shaba ya bangili za zamani imekuwa ngumu kwa kukunjwa na kupigwa nyundo. Ukijaribu kuikunjua ikiwa baridi itapasuka. Fundi huipasha moto mpaka iwe nyekundu kidogo tu, huiacha ipoe, ndipo inapokubali kukunjwa. Wamaasai walikuwa na mafundi wao wa chuma na shaba, Ilkunono, ambao watu wengine waliwatenga ijapokuwa hawakuweza kuishi bila mikuki na mapambo yao. Hiyo nayo ni desturi ya zamani, lakini haifai kushikwa. Fundi mwema apewe heshima na ujira wake.

Kuyeyusha shaba nyumbani nakukataza kabisa. Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Huyeyuka penye nyuzi 900 hivi za joto au zaidi, na katika moto huo zinki hutoa moshi mweupe. Atakayeuvuta moshi huo aweza kushikwa na homa na kutetemeka usiku uleule. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye mahali penye hewa. Kwa kusafisha tu, ndimu na majivu laini yatosha, kisha suuza vizuri na kukausha.

Kwa wasomaji ambao urithi wao ni wa fedha au dhahabu, wanaokwenda kwa sonara, nina maneno machache. Pambo lipimwe mbele ya macho yako kabla ya kazi na baada ya kazi, na uzito uandikwe katika stakabadhi pamoja na kiwango cha dhahabu, maana dhahabu ya karati 22 ina sehemu 22 safi katika 24, na ile ya 18 ina sehemu 18 tu. Kupungua kidogo ni kawaida, kwa sababu ya kupigwa tupa, lakini ulizia mapema kitapungua kiasi gani. Kama pambo lina alama au maandishi ya fundi wa kale, mwombe akate pembeni yake, asiyayeyushe. Moto haurudishi jina la mtu.

MGAWO KATI YA NDUGU

Sasa niseme juu ya kaka yako. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1981, huwahesabu watoto wote wa marehemu, wa kiume na wa kike, waliokwisha kuolewa na wasioolewa. Ni kweli kwamba sheria hiyo iliziacha baadhi ya wilaya, na Kajiado mojawapo, zifuate desturi katika mali fulani. Lakini mali zilizotajwa humo ni mashamba, mazao yake na mifugo. Ushanga si shamba wala si ng'ombe. Kwa hiyo kaka yako, hata akiwa mkubwa, hawezi kuliuza sanduku peke yake kana kwamba ni lake, nawe vilevile huwezi kulifunga peke yako. Dada yenu ana sehemu yake kamili.

Lakini sitaki uende kwake na sheria mkononi kama askari. Usimwone kaka yako kuwa mtu mwenye tamaa. Mtu aliyewainua ng'ombe wake kwa mikono kila asubuhi, mpaka asubuhi ile waliposhindwa kusimama, hulitazama sanduku la shaba kwa macho mengine. Wazee wa Kajiado waliouona ukame wa mwaka 1960 na 1961 walijua hali hiyo. Yeye anafikiri juu ya maziwa ya watoto, na mama yenu angalikuwa hai angalifikiri vivyo hivyo.

Mfanye hesabu pamoja. Bei ya mchuuzi kwa kila kilo iandikwe upande mmoja wa karatasi, na upande wa pili bei ya mtamba mmoja katika soko la Emali. Nadhani mtaona wenyewe kwamba shaba yote ya sandukuni haifikii hata mguu wa mtamba huyo. Ndipo umwulize kwa adabu, "Kaka, tutauza vitu hivi vyote, na ng'ombe tusimpate?"

SHAURI LANGU

Kama ningekaa nanyi chini ya mti mmoja, ningesema hivi.

Surutia zisiuzwe wala zisikunjuliwe. Akabidhiwe yule ambaye wanawake wa ukoo watamtaja, na jina lake liandikwe daftarini.

Ile mikufu mitatu iliyokatika, pamoja na shanga za kifurushini, ndiyo ifumuliwe kwanza kwa ajili ya mapambo ya arusi ya dada yenu. Ukosi wa mama msiuguse mpaka shanga hizo zimetumika. Kama hazikutosha, na kama nyuzi za ukosi zimeoza, basi ufumuliwe kwa utaratibu nilioueleza, na safu moja ibaki.

Mikufu miwili mizima ipewe nyumba zenu ninyi wawili wa kiume, kila nyumba mmoja, ili wake zenu na binti zenu nao wawe na kitu cha nyanya.

Bangili za udodi ambazo wanawake wamesema hazina neno, kaka yako akitaka kuziuza, aziuze. Hiyo si aibu. Ila asiziuze kwa kilo. Zisafishwe, wajomba na shangazi wapewe nafasi ya kwanza ya kununua, na zinazobaki zipelekwe sokoni zikiwa pambo, si chakavu. Kadhalika shanga zitakazosalia baada ya arusi zaweza kutungwa mikufu midogo ya kuuzwa, na fedha zake zitiwe katika mfuko wa kununua mbuzi. Mbuzi ni mwanzo mwema kwa nyumba iliyopoteza ng'ombe.

Sanduku lenyewe la bati lichukue wewe, Bwana karani, pamoja na daftari na picha. Ulisema ungependa kuhifadhi. Basi kazi yako ni hiyo, nayo si ndogo.

Umeniuliza kama kufumua ni kufuta kumbukumbu. Kumbukumbu ya mama hufutika pale ambapo watoto wake hawajui tena kitu hiki kilikuwa cha nani, hata kama kimelala sandukuni kizima bila kuguswa. Nimeona masanduku yaliyofungwa kwa heshima kubwa, na baada ya vizazi viwili yakafunguliwa na wajukuu wasiojua lolote, wakayapeleka kwa mchuuzi mchana uleule. Dada yako akicheza siku ya arusi yake, shanga za mama yenu zitacheza pamoja naye, na mzee mmoja pembeni atasema, "Rangi hizi nazijua." Mnunulieni uzi mwema, mkae naye anapotunga.

Wasomaji walio na mapambo ya urithi wasingoje msiba. Mama akiwa hai, keti naye jioni moja, mwombe akuonyeshe, uandike. Heri kuuliza leo kuliko kubuni kesho.

Juma lijalo, Mungu akipenda, nitamjibu Bwana wa Isinya aliyeuliza juu ya kuteka maji ya mvua kutoka mabati ya nyumba, na sababu ya maji hayo kunuka tangini.